Kravati Zinapata Hewa

Kilwa ya ziwani, upande wa Zaire
11 Februari 1974

Ndugu yangu Rodwell Chalwe,

Sanduku la bati analokukabidhi mama Delphine, yule mchuuzi wa samaki wa huku kwetu, lisifunguliwe kivukoni mbele ya watu. Libebe wewe mwenyewe mpaka nyumbani. Ufunguo umeshonwa ndani ya upindo wa kitambaa nilicholifungia.

Habari za kwetu umezisikia. Kravati, yaani tai ya shingoni, imekatazwa, kostimu, suti ya kizungu, imekatazwa. Mwanamume wa Zaire avae abakosti, koti la kufungwa mpaka kooni, na ndani yake asiwe na kitu cha kizungu. Jina la ubatizo nalo limekatazwa, kwa hiyo mbele ya watu mimi si Zéphirin tena. Jina nilipewa bure, nikalitoa bila kinyongo. Kravati nilizinunua.

Wewe unajua nilivyozinunua, maana tulikuwa wote Élisabethville tukipima vitambaa katika duka la yule Mgiriki. Wenzetu walinunua redio, walinunua mabati ya kuezekea. Ile ya manjano niliinunua mahali pa kununua baiskeli, nikaenda kazini kwa miguu mpaka soli zikaniaga. Suzanne huliita sanduku hili mke mwenza, na akilisema hivyo hacheki. Sasa nimwambie nini? Nizichome? Kuna mtu hapa aliyezichoma zake mbili, akalia kama mtoto, na zilikuwa mbaya, za nailoni.

Nisikilize basi. Zisikunjwe, zizungushwe kama utepe. Kila mwezi uzitoe zipate hewa, kivulini, si juani. Zisikae karibu na chisense, maana harufu ya dagaa wale ikiingia kwenye hariri haitoki mpaka Kiyama. Naftalini nimeweka, lakini isiguse kitambaa. Ya chini kabisa, ndani ya karatasi ya duka, ni ile nyekundu yenye vidoto vyeupe. Hiyo niliivaa mara moja tu, siku ya ubatizo wa binti yangu Régine, nikaapa mbele ya mama yake kwamba nitaivaa tena siku ya harusi yake, si kabla. Hiyo hata wewe usiiguse.

Msalimie mjomba wako Katongo. Mwambie Chui bado ana meno.

Ni mimi,
Kabamba (Zéphirin kwako wewe tu)


Kashikishi, Nchelenge
3 Machi 1974

Ba Kabamba,

Sanduku limefika kavu. Usinicheke kwa Kiswahili changu, kimeota kutu. Hapa Kashikishi ni Kibemba asubuhi mpaka jioni, Kiswahili nakipata kwa wachuuzi wa kwenu tu, nao wanakijua cha bei peke yake.

Nimeliweka katika chumba cha mjomba Katongo, ndicho kisichovuja. Alipoona nimefunga mlango ili kuzitoa, alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Ule Chui, wakati wa vita alikuya kwangu na kravate mu shingo, viatu hapana." Unajua mdomo wake. Sisi bena Mbushi, watu wa Mbuzi, na ninyi bena Ngo, watu wa Chui, ni banungwe, watani tangu enzi za mababu. Mnatutukana tukiwa hai na mnatuzika tukifa, na sisi vilevile kwenu, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Lakini mjomba huvuka mpaka. Huko Mwansabombwe kila mtu anajua hadithi yako na viatu.

Chilufya, mke wangu, analalamika kwamba hata ugali unanuka naftalini. Nimemwambia avumilie. Nimezitoa mara moja, nikazitandaza kwenye mkeka. Ni nzuri, sitakataa, ingawa sielewi mtu mwenye shingo moja anataka nini na shingo za watu wengi hivi.

Mjomba anakohoa tangu mvua zianze. Yeye anasema ni naftalini. Mimi sidhani.

Wako,
R. Chalwe


Kilwa, Zaire
20 Agosti 1974

Ndugu Chalwe,

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa, na haitaji nondo hata mara moja. Nimekuuliza nini mimi? Je, umetazama mishono ya nyuma? Nondo haanzi mbele ambako macho yanafika. Huanza nyuma, kwenye bitana, kama mke wa mtu anayeiba unga. Na unasema ulizitandaza kwenye mkeka. Mkeka upi? Ule wa kuanikia samaki? Tafadhali nijibu hilo.

Maisha ya huku yananichosha. Nimeshonesha abakosti moja, ya kijivu, inanibana kooni na kunichoma kwapani, na nikiwa ndani yake kila mtu ananiita mwananchi kama anavyomwita muuza mkaa. Sisemi mimi ni bora kuliko muuza mkaa. Nasema zamani ukinitazama ulikuwa unajua huyu ni nani, leo hujui. Nikiwa peke yangu chumbani nachukua kipande cha kitenge cha Suzanne, najifunga fundo, maana mikono imeanza kusahau. Juzi alinikuta. Akakichukua kitenge chake akaenda zake.

Nambie pia kama ile ya kufumwa, ya kahawia, umeilaza au umeining'iniza. Ikining'inizwa inarefuka. Na ile ya kijani niliyopata kwa fundi saa inahitaji kuzungushwa kwa ndani, si kwa nje. Haya mambo unayaona madogo, lakini hayo madogo ndiyo yaliyobaki kwangu.

Jibu upesi. Delphine anarudi Ijumaa.

Kabamba


Kashikishi
25 Novemba 1974

Ba Kabamba,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo hapa nyumbani, halafu mvua.

Kravati usiwe na wasiwasi nazo. Nondo hawajazigusa. Zinapata hewa, tena zinapata hewa kuliko zamani.

Chilufya anawasalimu. Sote tunawasalimu.

R. Chalwe


Kilwa, Zaire
14 Mei 1975

Ndugu yangu, na sasa mkwe wangu,

Nimekalia habari hii wiki nzima nikisubiri Delphine avuke, nimekaribia kupasuka. Mpwa wako Mwaba, mwalimu, ametuma washenga kwa ajili ya Régine! Walionana Pweto, huko anakokaa kwa shangazi yake akishona, wakati Mwaba alipokwenda kununua nyavu na wenzake, na tangu siku hiyo ni barua juu ya barua. Mimi baba mtu nimejua mwisho, lakini sikukasirika hata dakika moja. Mtoto wa nyumba ya Chalwe ningemkataaje?

Sasa sikia akili yangu. Nimewaambia washenga kwamba mahari sitaki kusumbuana nao, nataka kitu kimoja tu: harusi ifungwe kwenu, Nchelenge, kanisani, upande wa Zambia. Wamedhani nawaheshimu. Nawaheshimu ndiyo, lakini wewe umeshaelewa. Kwenu hakuna wa kuninyooshea kidole. Nitashuka katika mashua na abakosti yangu kama mtu yeyote, nitaingia nyumbani kwako, nitafungua sanduku langu, na nitatoka mlangoni mwako Zéphirin Kabamba mzima, na ile nyekundu kifuani. Nitamshika Régine mkono mpaka mbele ya padri. Suzanne nilipomwambia akasema, "Sawa, siku hiyo nitakusaidia kuinyoosha." Hajawahi kuniambia neno hilo tangu nimuoe.

Nimepanga iwe katikati ya Agosti. Itoe ile nyekundu wewe mwenyewe, uitazame kwenye mwanga, uniambie hali yake. Nakuruhusu kuigusa.

Leo nina furaha, Chalwe. Nakuandikia hivyo kwa sababu najua barua zangu nyingine hazina furaha.

Zéphirin


Kashikishi, Nchelenge
8 Juni 1975

Ba Kabamba,

Kuhusu Mwaba na Régine, moyo wangu umefurahi sana. Ni kijana mtulivu, na kama mjomba wake wa kwanza nakubali bila neno.

Ila kuna mambo ya kufikiria. Kanisa letu hapa ni dogo. Kwa nini harusi isiwe kwenu Kilwa, mahali alipozaliwa bibi harusi? Watu wa upande wako ni wengi, mashua ni ghali, na Agosti upepo wa ziwani si mzuri. Sisi tutavuka. Tumezoea.

Jambo lingine, naandika kama ndugu. Nimetazama wanaume wanaokuja na lori kutoka Mansa na Copperbelt. Siku hizi wanavaa kravati pana kama jani la mgomba, na maua. Nyembamba kama za kwetu za Élisabethville hazivaliwi tena. Vijana wanaweza kukucheka mbele ya binti yako. Abakosti ni vazi la heshima, tena ni la Kiafrika. Nami nitakushonesha nyingine nzuri hapa kwa fundi wetu, ya bluu, isiyobana. Hiyo iwe zawadi yangu.

Fikiri, halafu unijibu.

R. Chalwe


Kilwa, Zaire
2 Julai 1975

Bwana Chalwe,

Ndugu sikuiti leo.

Nilipopata barua yako nilijiuliza, huyu mtu tangu lini anajua kravati zinazovaliwa Copperbelt? Nikaiweka barua kando. Jana Delphine ameshuka na mizigo yake, amekaa kwenye kiti changu, amekunywa maji, halafu ananiambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Papa Kabamba, kule ku Kashikishi nilimona mutu moya iko anavuta nyavu. Suruali yake iko anafunga na kravate. Nilisema, ile kitu naijua. Ile ya manjano, ile yenye ulinunua pa fasi ya kinga."

Mahali pa baiskeli, Chalwe. Mahali pa baiskeli yangu. Na hakuishia hapo. Ameona mwanamke amemfunga mtoto mgongoni kwa ile ya kufumwa, imerefuka kama nilivyokuambia itarefuka. Ameona mzee amefunga kichwa kinachomuuma kwa nyingine. "Hata mbuzi moya iko nayo mu shingo," anasema, na anasema mbuzi huyo amefungwa nyuma ya nyumba yako, nyuma ya nyumba yako mwenyewe, kwa ile ya kijani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanitazama kana kwamba mimi nimepotewa na akili, akasema alidhani ninajua.

Njia ya mwongo ni fupi. Umeniandikia kwamba zinapata hewa. Niliisoma kwa sauti mbele ya mke wangu ile! Nilimwambia, unaona, huyo ndiye rafiki.

Uliziuza? Uliwagawia watu ili wakuchague kwenye chama? Sema. Nilikupa kitu kimoja tu nilichokipenda, nikakipitisha ziwani kwa siri, na hukuweza kukaa nacho katika chumba kimoja.

Harusi nimeivunja. Nimeshamwambia mshenga. Sitampeleka mwanangu katika ukoo ambao hauwezi kutunza kitambaa. Ile nyekundu irudi na Delphine, na sanduku, hata kama ni tupu.

Kabamba


Kashikishi, Nchelenge
13 Julai 1975

Ba Kabamba,

Mjomba Katongo amekufa.

Alikufa mwezi wa kumi mwaka jana, kwa kile kikohozi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda Mwansabombwe kutafuta chumvi na lori likaharibika njiani. Alikufa katika chumba chake, na sanduku lako miguuni pake.

Banungwe walikuja siku ileile, kama ilivyo haki yao. Bena Ngo. Watu wa Chui, Kabamba, ukoo wako. Walichimba kaburi, wakamwosha, wakamwigiza anavyotembea, wakamtukana vizuri mpaka wajane wakacheka katikati ya kilio. Halafu wakaanza kuchukua vitu, kama desturi. Wakafungua sanduku. Chilufya aliwapigia kelele, "Iyo, te fyakwe!" kwamba si vyake, si vya marehemu. Wakazidi kucheka. Msiba gani umeuona ambao wenyewe hawasemi hivyo? Kila mfiwa husema kitu hiki si cha marehemu, ni cha jirani, ni cha mgeni, na munungwe, mtani, hucheka na kuchukua, ndiyo utani wenyewe. Kadiri alivyolia ndivyo walivyoona wamepata kitu cha maana. Ningalikuwepo ningalizikomboa palepale kwa kuku na unga. Nilifika jioni, maiti imekwisha zikwa, na baada ya maziko hakuna kukomboa. Kumdai munungwe alichokichukua msibani ni kuufukua msiba. Hata yule mbuzi si wangu, ni wa mmoja wao, wamemfunga kwangu makusudi ili nimuone kila asubuhi nikitoka kunawa uso.

Ile nyekundu anayo mjomba. Walichagua iliyo nzuri kuliko zote wakamvalisha, akazikwa nayo. Hawakujua kuifunga, waliifunga kama wanavyofunga kamba ya mtumbwi.

Sasa umejua. Unaniita mwongo na nimekubali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha kifo chenyewe, kikaniumbua kwa kravati. Lakini na mimi nina hasira yangu, tena nimeitunza vizuri kuliko kravati zako. Nilikuandikia mjomba anakohoa. Ulinijibu kurasa mbili za nondo. Ukaniuliza mkeka ni upi, ukaniuliza ya kahawia inalala au inaning'inia. Mzee aliyekupokea ulipokimbia vita, akakupa blanketi lake akalala na koti, hukuuliza kama yu hai. Nilikaa na kalamu siku nyingi. Nikafikiri, nikimwambia mtu huyu mjomba amekufa, ataniuliza kwanza sanduku liko wapi. Niliogopa utauliza hivyo. Ungeuliza, urafiki wetu ungekwisha, na mimi sikutaka uishe. Basi nikaandika kwamba zinapata hewa.

Niliogopa kila Delphine alipopanda mashua, kwamba atakuambia. Kumbe alidhani unajua, kama kila mtu. Watu hapa wananiuliza mpaka leo, yule Chui wako wa ng'ambo alikosa mashua ya kumzika mzee?

Vunja harusi kama unataka. Mwaba hajala tangu mshenga arudi.

Rodwell Chalwe


Pweto
25 Julai 1975

Papa,

Shikamoo. Mama ameniandikia yote, hata yaliyomo katika barua ya Ba Chalwe. Nimesoma barua yake mara tatu kwa sababu nilidhani nimesoma vibaya.

Papa, nilikuwa na umri wa kutambaa ulipoapa kuhusu kravati ile. Mimi sikuapa. Nimekua nikisikia kwamba ipo, inanisubiri, kama vile watoto wengine wanavyosubiriwa na shamba. Hujawahi kuniambia kwamba unanipenda, umeniambia kwamba kravati ipo, na mimi nikaelewa. Sikulalamika. Lakini sasa kravati haipo na mimi nipo. Unasema bila hiyo hakuna harusi. Basi nifanye nini na kile nilichoelewa?

Na jambo jingine. Mwaba aliniandikia kuhusu babu yake mwaka jana, wiki ileile ya msiba. Alisema mzee alikuwa anakutaja. Nilidhani unajua. Nilidhani umekataa kwenda, nikaona haya kukuuliza sababu, nikamwambia Mwaba kwamba labda mpaka ulikuwa umefungwa. Nilikudanganyia, Papa. Nimekaa na uwongo huo miezi yote hii nikidhani wewe ni mtu asiyekwenda kuzika aliyemsitiri.

Sitaki kuolewa kwa kutoroka. Nimeacha cherehani, nakwenda kwa mama Kilwa kesho, nitakaa pale nikusubiri useme.

Régine


Kashikishi, Nchelenge
10 Agosti 1975

Mutoto wangu Régine,

Usistaajabu kuona barua hii imetoka ng'ambo. Ulipofika Kilwa mama yako alikuambia nimevuka nikiwa na hasira, na ni kweli. Barua ya Chalwe ilinikuta mlangoni, lakini upepo ulizuia mashua zaidi ya wiki. Nilipanda ya kwanza iliyoondoka, tukalala kisiwani kwa sababu ya upepo, na usiku mzima pale kisiwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Barua yako ilinifuata kwa mkono wa Delphine, nikaisoma kivukoni hapa nikiwa sijamwona Chalwe bado. Maneno niliyopanga yakanipotea yote.

Chalwe alinikuta nimekaa juu ya rundo la nyavu za watu. Hatukusalimiana. Amezeeka. Aliniambia tu, "Twende," nikamfuata, nikidhani ananipeleka nyumbani. Akanipitisha kando ya nyumba, kando ya yule mbuzi, ambaye nilimtazama na yeye akanitazama, mpaka makaburini.

Wenzangu bena Ngo walikuwa wamesikia kwamba nimefika, wakaja nyuma yetu. Ndugu zangu wa ukoo ambao sikuwa nawajua hata mmoja, na kila mmoja na kravati yangu, wengine shingoni, wengine kiunoni, kwa heshima yangu walisema. Yule wa manjano nilimtambua kwa mbali. Nilitaka kumvua palepale, nisikudanganye. Nikaona kwamba hana mkanda, na hatuwezi kwenda makaburini na mtu asiye na suruali. Mkubwa wao akaniambia nimechelewa, kazi ya munungwe ni kumtukana mtani wake anapozikwa, na mimi peke yangu kati ya bena Ngo wote sijamtukana Katongo. Akasema mzee aliniulizia. Akasema, anza.

Mimi niliyekuwa na matusi ya usiku mzima nilisimama pale kama mjinga. Halafu nikaanza. "We Katongo," nikamwambia, "mbuzi ya bure. Ulisema utaningoya. Haukungoya. Unalala na kravate yangu ya hariri, ile ya mutoto yangu, na haujui hata kuifunga. Uliniona na shingo, viatu hapana, ukaniita mwanaume mbele ya wake zako, ukanipa blanketi. Kila siku ulinicheka. Sasa nani atanicheka?" Watu walikuwa wanacheka vizuri, kama inavyotakiwa. Nilitaka kuendelea kumtukana. Nililia, Régine. Nililia mbele ya wavuvi na kravati zangu zote zikiniona. Chalwe alinishika bega, naye alikuwa analia, kisha akanitukana kwa Kibemba, nikamtukana kwa Kiswahili, na hapo tukaona tumesalimiana.

Nimelala hapa kwake siku hizi zote, katika chumba kile. Sanduku lipo, halina kravati hata moja, Chilufya anawekea unga. Inaniuma. Sitakuambia kwamba nimepona, maana asubuhi nikitoka naona ya kijani kwenye mbuzi na moyo unaruka. Lakini nimeketi nikafikiri juu ya nyekundu. Miaka yote ile niliitunza kwa ajili ya siku yako, na imekwenda na mtu aliyenifungulia mlango siku ambayo hakuna mlango mwingine uliofunguka. Kama ningeulizwa ningekataa. Nashukuru sikuulizwa.

Uliandika kwamba sijawahi kukuambia nakupenda. Nimejaribu kukumbuka ili nikubishie, sikumbuki. Nakupenda, mutoto wangu. Nimeandika, sasa hata nikikosa kusema unayo kwenye karatasi.

Mshenga nimemtuma tena kwa Mwaba leo asubuhi, na ameshaanza kula. Njoo na mama yako Alhamisi, Delphine anawatafutia nafasi. Usilete abakosti ya kijivu. Chalwe amenishonesha ile ya bluu, na kweli haibani. Mzee aliye na ile nyekundu ananisubiri chini ya udongo, na mimi sina haraka ya kuifuata.

Tukiingia kanisani watu wataitazama shingo yangu, wanajua hadithi yote. Wewe usiitazame. Nishike mkono tu, tena unishike kwa nguvu, maana nitakuwa naogopa.

Baba yako,
Zéphirin Kabamba